WhatsApp ya biashara kwa anayeanza: kuanzia laini hadi mteja anayerudi

Kikoba chetu hapa Makole, Dodoma, hukutana Jumamosi. Hisa zikishahesabiwa na sanduku likishafungwa, lazima mtu anisogezee simu: "Dada, hebu nifungulie na mimi ile WhatsApp yenye B." Namfungulia. Wiki inayofuata anakuja mwingine na swali lile lile, na yule wa kwanza anarudi akilalamika kuwa hakuna anayemwona. Sikusomea kompyuta. Ninauza zabibu kavu, unga wa ubuyu na karanga za kusaga, na niliyoandika hapa nimeyajua kwa kukosea. Ukiniuliza tena nitakutumia ukurasa huu.

Kabla ya yote, elewa jambo moja ambalo wengi hawaambiwi. WhatsApp haikuletei wageni. TikTok inaweza kumwonyesha video yako mtu wa Mwanza asiyekujua kabisa. WhatsApp haifanyi hivyo: asiye na namba yako hakuoni, na hata aliye nayo hakuoni vizuri kama hajaisevu kwenye simu yake. Inakusaidia kwa yule aliyekwisha kupita mezani kwako mara moja, arudi mara ya pili na ya kumi. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini inaishia kwenye kumfanya mteja asevu namba yako. Nitalisema mpaka ulichoke.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Simu janja. Iwe Android au iPhone ambayo si ya zamani sana. Kitochi hakiwezi kubeba programu hii, ila kina kazi yake, nitakuja huko.
- Laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako wewe. Piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Kama laini ni ya mdogo wako au ya mume wa rafiki yako, acha kwanza.
- Bando kidogo la kupakulia, na nafasi kwenye simu. Kama simu inakuambia kila siku kuwa imejaa, futa video za kuchekesha ulizotumiwa kwenye magrupu. Unazijua.
- Picha tano za bidhaa zako, zako mwenyewe.
- Bei zote zimeandikwa kwenye daftari pamoja na kipimo: robo kilo, nusu kilo, kopo, pakiti.
- Anwani ya barua pepe unayoikumbuka na unayoweza kuifungua. Watu hulidharau hili, halafu siku ya shida ndilo linalowaliza.

WhatsApp haikuulizi TIN wala leseni. Hilo ni kati yako, TRA na Jiji. Usimwambie ofisa kwamba WhatsApp imekuruhusu.

Hatua kwa hatua

1. Amua namba ipi itakuwa ya biashara

Hapa kaa, usiharakishe. Namba moja haiwezi kutumika kwenye WhatsApp ya kawaida na WhatsApp ya biashara kwa wakati mmoja. Una njia mbili.

Ya kwanza ni kuhamisha namba yako ya siku zote. Mazungumzo yako yatakuja nayo na wateja hawatapotea. Ubaya wake ni kwamba shemeji, mwalimu wa watoto na kamati ya harusi wote watakuta ujumbe wa "Karibu dukani kwetu", na ukitaka kurudi kwenye WhatsApp ya kawaida baadaye kuna usumbufu wa kupoteza mazungumzo.

Ya pili ni laini mpya kwa ajili ya biashara tu. Simu moja inaweza kubeba programu zote mbili, ya kawaida kwa namba yako na ya biashara kwa namba mpya. Na si lazima laini yenyewe ikae kwenye simu hiyo. Mimi laini ya biashara iko kwenye kitochi, ndicho kinachopokea simu na miamala, chaji yake inakaa siku kadhaa. WhatsApp yake iko kwenye simu janja. Wakati wa kusajili, ujumbe wa tarakimu ulikuja kwenye kitochi nikauandika kwenye simu janja, basi.

Namshauri kila anayeanza achukue njia ya pili, isipokuwa kama namba yake ya zamani ndiyo iliyoandikwa ukutani na kwenye mifuko.

Onyo, na hili lilinipata. Laini yangu ya kwanza ya biashara niliacha kuiwekea vocha nikaitupa kwenye droo, maana WhatsApp ilikuwa inafanya kazi bila laini kuwa ndani ya simu. Baada ya miezi mingi kampuni ikaifunga, namba akapewa mtu mwingine. Kijana wa watu akawa anapigiwa na kuulizwa kama zabibu za Hombolo zimefika. Alikuwa mpole, lakini wateja niliowapoteza sikuwahesabu tena. Laini ya biashara ipige simu, itume ujumbe, iwe hai.

2. Pakua programu halisi

Fungua Play Store au App Store, tafuta WhatsApp Business. Alama yake ni kijani yenye herufi B ndani ya kiputo. Mwenye programu awe WhatsApp LLC au WhatsApp Inc.; ukiona jina jingine, toka.

Usichukue ile ya kurushiwa na rafiki kwa Bluetooth, wala GB WhatsApp na ndugu zake, hata kama zinakuahidi kuona ujumbe uliofutwa. WhatsApp haizitambui, na akaunti inayozitumia hufungiwa. Kwa mtu wa kupiga soga ni hasara ndogo. Kwako wewe ni duka zima.

3. Sajili namba

Chagua Tanzania, +255, kisha andika namba bila ile sifuri ya mwanzo. Wengi huandika 2550 halafu wanashangaa. Utatumiwa tarakimu sita kwa SMS, ziandike, umeingia. Simu itakuomba ruhusa ya kuona namba ulizosevu: kubali, la sivyo utaona namba tupu bila majina.

Hizo tarakimu sita hazisomwi na mtu mwingine. Si mwenyekiti wa kikoba, si "mtoa huduma" anayepiga, si shangazi. Hasa shangazi, kwa sababu akaunti ya shangazi ikiibwa ndiyo inayotumika kukuandikia: "Mwanangu, nimetuma tarakimu kwa bahati mbaya kwenye simu yako, nisomee." Ukisoma, akaunti yako imeondoka, na baada ya dakika chache ndugu zako wanaombwa hela kwa jina lako.

4. Weka kitasa cha pili siku hiyo hiyo

Nenda Mipangilio, Akaunti, kisha uthibitishaji wa hatua mbili. Weka PIN ya tarakimu sita, na uandike ile barua pepe. PIN isiwe mwaka wako wa kuzaliwa umerudiwa, wala PIN ya hela. Ukiisahau na hukuweka barua pepe, utasubiri siku 7 kabla ya kuruhusiwa kuingia. Siku saba za biashara kufungwa kwa sababu ya kuruka kisanduku kimoja.

Ukiwa huko huko Mipangilio, ingia kwenye Mazungumzo uwashe nakala rudufu. Kwa Android hukaa kwenye akaunti yako ya Google, na inahesabiwa ndani ya GB 15 za bure, kwa hiyo zuia video zisiingie kwenye nakala hiyo. Simu ikiibwa stendi, utanunua nyingine, utarudisha laini, na oda zako utazikuta.

5. Jaza profaili kama mtu anayetaka kupatikana

Jina: liseme unachouza na ulipo. "Zabibu Kavu Makole" linatafutika kwenye simu ya mteja kuliko "Blessed Collections". Mteja baada ya miezi miwili hakumbuki jina lako, anakumbuka zabibu.

Picha: bidhaa au bango lako, si picha ya harusini.

Anwani: tangu operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, barabara nyingi za mjini zina majina na nyumba zina namba. Tumia hayo, halafu ongeza maelekezo ya kibinadamu, maana dereva wa bodaboda hasomi postikodi. Andika kama unavyomwelekeza mtu kwa mdomo: barabara ya lami ikiishia, duka la tatu mkono wa kulia, geti la bluu. Usitaje "karibu na mwembe" kama mwembe umeshakatwa. Kama unauzia nyumbani na unaishi peke yako, usiweke nyumba. Weka mahali pa kukutania.

Saa za kazi: hapa ndipo karibu kila mtu wa kikoba chetu alipokosea. Programu inahesabu saa za kizungu. Saa mbili asubuhi yetu ni 08:00, saa kumi na mbili jioni ni 18:00. Mwenzangu mmoja aliweka 2:00 mpaka 12:00, kwa hiyo kuanzia saa sita mchana duka lilionekana limefungwa, na mteja wa saa saba akajibiwa kuwa amefika nje ya muda. Alidhani simu ina jini.

6. Panga katalogi

Katalogi ni rafu yako. Inaweza kubeba bidhaa mpaka 500, lakini anza na tano. Kila bidhaa iwe na picha, jina, bei na maelezo mafupi.

*Picha.* Jua letu la mchana huwa linaunguza picha: upande mmoja mweupe, upande mwingine kivuli cheusi. Piga asubuhi, au simama mlangoni kivulini ukielekea nje. Kabla ya kupiga futa kioo cha kamera kwa kitambaa, kwa sababu vumbi la mji huu linaingia hata kwenye begi lililofungwa. Weka bidhaa juu ya kitu kisicho na maua mengi. Ubao au kitenge cha rangi moja kinatosha. Na piga mzigo ule ule utakaouza. Picha ya zabibu za kwenye mtandao ni nzuri, ila mteja atafungua pakiti yako, si ya mtandao.

*Bei.* Iandike. "Bei njoo faragha" inawachosha watu, na wengi hawaji. Ukiogopa washindani wataiona, wameshaiona; walimtuma mtoto kuja kununua.

*Maelezo.* Kipimo, ilivyofungwa, inakaa muda gani. Usiandike kwamba ubuyu unatibu presha au sukari. Sheria za biashara za WhatsApp hazipendi dawa na madai ya tiba, na wewe si daktari.

Kuna vitu katalogi haivikubali kabisa: pombe, tumbaku, dawa, wanyama hai. Kwa mkoa wetu hili linauma, kwa sababu swali la pili baada ya zabibu huwa ni mvinyo, na wa kutoka Singida anataka kuuza kuku wa kienyeji wakiwa na miguu yao. Usijaribu kuuita mvinyo "juisi maalumu". Bidhaa itakataliwa, na ukirudia rudia unaweza kufungiwa akaunti nzima.

Bidhaa ikiisha usiifute, ifiche. Zabibu huvunwa misimu miwili kwa mwaka, na kuandika kila kitu upya kila msimu ni kazi bure.

7. Andika majibu yanayojirudia

Kwenye zana za biashara utakuta aina tatu. Ujumbe wa makaribisho humwendea anayekuandikia mara ya kwanza, au aliyekaa kimya siku 14. Ujumbe wa kutokuwepo hutoka wakati umefunga. Majibu ya haraka ni yale unayoyaita kwa kuandika alama ya mkwaju: mimi nikiandika /bei, orodha yote inatoka.

Ujumbe wa makaribisho uwe mfupi, na uwe na ombi. Wangu uko hivi:

"Karibu sana. Hapa ni Zabibu Kavu Makole. Bei zote ziko kwenye katalogi, gusa alama ya duka hapo juu. Tafadhali sevu namba hii ili uone mzigo mpya ukifika. Umeagiza kwa ajili ya leo au siku nyingine?"

Swali la mwisho linamfanya ajibu. Usiweke salamu ya ukurasa mzima yenye maua na mistari ya dini. Mtu anataka robo kilo.

8. Sevu, na uombe kusevu

Sasa ndiyo hatua yenyewe. Stetasi yako inaonekana kwa yule tu ambaye wewe umesevu namba yake na yeye amesevu yako. Upande mmoja ukikosa, hamuonani. Tangazo la pamoja, lile la hatua ya 10, nalo haliwafikii wasio na namba yako. Mtu ana majina mia nane kwenye simu yake, anaweka stetasi, wanaoiona ni kumi na nane, na anasema WhatsApp imeharibika. Haijaharibika. Yeye anawajua watu, watu hawana namba yake.

Ninavyofanya mezani: mteja akilipa, simuulizi kama "ungependa kupokea taarifa". Namwambia, "Kaka, nipigie nipate namba yako, halafu nisevu Zabibu Makole, mzigo mpya ukija utauona." Anapiga pale pale, namsevu pale pale, nikiandika na alichonunua: "Baba Neema, karanga bila chumvi." Namba niliyoiahirisha mpaka jioni huwa siijui tena ni ya nani.

Kwenye zana za biashara kuna linki fupi na msimbo wa QR wa akaunti yako. Chapisha msimbo huo stationari, uugandishe kwenye pakiti na mezani. Linki unaweza pia kuitengeneza mwenyewe: wa.me/255 ikifuatiwa na tarakimu tisa za namba yako, bila sifuri ya mwanzo, bila nafasi. Iweke kwenye Instagram au Facebook kama unazo. Tangu treni ya SGR ianze kuleta abiria Dodoma mwaka 2024, nimepata wateja wanaokuja kikaoni Mtumba na kurudi Dar siku hiyo hiyo. Wengi waliipata namba kwenye kipande cha karatasi kilichogandishwa kwenye pakiti ya mwenzao wa ofisini.

Usinunue "orodha ya namba elfu tano za wateja". Wale hawakujui, watabonyeza ripoti, na WhatsApp huifungia namba inayoripotiwa na wengi.

9. Anza stetasi, taratibu

Stetasi hukaa saa 24 kisha hufutika. Mbili au tatu kwa siku zinatosha. Ukiweka thelathini, vile vistari vya juu vinakuwa kama nukta na mtu anakuruka bila kusoma. Mimi huweka asubuhi watu wakiwa kwenye daladala na jioni baada ya kazi. Onyesha mzigo ukifungwa, bei, na siku moja moja kitu cha kawaida, kama karanga zikikaangwa. Ukirekodi video nje, geukia ukuta. Upepo wa hapa ukiingia kwenye kipaza sauti husikii kitu isipokuwa ngurumo.

Ukikuta mtu ameona stetasi yako, usimfuate na "Nimeona umeona, vipi?" Nilimfanyia hivyo mwalimu mmoja, na hajanunua mpaka leo.

10. Lebo na orodha za matangazo

Lebo ni vibandiko vya kukumbusha: oda mpya, hajalipa, amelipa, imefika. Weka tangu mteja wa tano, usisubiri wafike hamsini.

Orodha ya matangazo inatuma ujumbe mmoja kwa watu mpaka 256, na kila mmoja anaupata kama umemwandikia yeye peke yake. Gawa kwa alichonunua: wa zabibu, wa karanga, wa ubuyu. Tuma pale tu panapokuwa na jambo, mzigo mpya au bei iliyoshuka. Mimi ni mara mbili kwa mwezi. Usichanganye na grupu: kwenye grupu wateja wanaona namba za wenzao, na wapo watakaokasirika, kwa haki.

Na magrupu ya watu, yaani kikoba, wazazi wa darasa la tatu, msiba, kamati ya sherehe, usiyafanye gulio. Omba ruhusa kwa kiongozi wa grupu, tangaza mara moja, nyamaza.

11. Malipo na kutuma mzigo

Jina linalotokea mteja anapolipa lifanane na la biashara au lako analolijua, vinginevyo ataogopa na kusitisha. Kama unayo lipa namba, itumie. Kama ni ya kawaida, kubalianeni mapema kama anatuma na ya kutolea.

Usitoe mzigo kwa skrinshoti ya muamala. Wala kwa SMS iliyokuja kutoka namba ya mtu binafsi ikiigiza ujumbe wa mtandao. Fungua salio lako mwenyewe kwanza. Mteja mwaminifu hakasiriki kusubiri nusu dakika.

Kwa mikoani, mzigo ukishaupeleka ofisi ya basi stendi ya Nzuguni, piga picha risiti na umtumie mteja pale pale, pamoja na namba ya basi na saa ya kufika. Nauli ya mzigo isemeni kabla, si baada.

Ikikwama

*Tarakimu sita haziji.* Hakikisha laini ina mtandao na sanduku la SMS halijajaa. Angalia tena ile sifuri. Subiri kihesabu kiishe, kisha chagua kupigiwa simu, sauti itakusomea. Usibonyeze "tuma tena" mara kumi, watakusubirisha saa nyingi.

*Naona namba tu, majina hakuna.* Nenda kwenye mipangilio ya simu, programu, WhatsApp Business, ruhusa, washa anwani za simu.

*Stetasi inaonwa na watu wachache.* Rudi hatua ya 8. Baada ya hapo angalia faragha ya stetasi, huenda ulichagua watu wachache bila kujua.

*Bando linaisha haraka.* Mipangilio, hifadhi na data: zima upakuaji wa moja kwa moja wa picha, sauti na video unapotumia data ya simu. Hili ndilo pia linalojaza simu.

*Programu inasema tarehe si sahihi.* Weka tarehe na saa zijipange zenyewe. Hutokea sana betri ikiisha kabisa kwenye simu za zamani.

*Nataka binti wa dukani ajibu nikiwa shamba.* Usimpe PIN. Kuna sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Unaweza kuongeza mpaka vinne, kompyuta au simu nyingine, kwa kuskani msimbo. Akiacha kazi unamtoa kwa kubonyeza mara moja. Simu yako kuu isikae zaidi ya siku 14 bila kuingia mtandaoni, vifaa hivyo vitajitoa.

*Nimeandika bei vibaya.* Una dakika 15 za kuhariri ujumbe. Zikipita, unaweza kuufuta kwa wote kwa muda wa siku mbili hivi, lakini mwandikie sahihisho; huenda alishausoma.

*Akaunti imeibwa.* Usikae kulia. Sajili namba yako upya kwenye programu. Tarakimu zikija kwako na ukaziingiza, mwizi anatolewa. Akiwa ameweka PIN yake, utasubiri siku 7, ila hata yeye anakuwa ameshatoka. Wakati huo piga simu za kawaida kwa ndugu na wateja wakubwa uwaambie wasitume hela. Ujumbe wa kitapeli unaokuja kwa SMS, ule wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", upeleke kwenye 15040. Kama hela imeshatoka, nenda polisi na ushahidi wako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo kwa ajili hiyo.

*Tiki ni moja tu tangu jana.* Ujumbe haujamfikia. Simu yake imezimwa, hana bando, au amekufungia. Mpigie mara moja. Usimtumie ujumbe mwingine wa kumuuliza.

*Tiki mbili za bluu, hajibu.* Hiyo si hitilafu ya simu. Angalia tarehe. Kama ni katikati ya mwezi na mteja wako ni mtumishi, subiri mshahara utoke, kisha mtumie picha ya mzigo mpya kana kwamba hukumuuliza kitu.